Saa ya Mezani na Glavu Mbili: Uchambuzi wa Onyesho la Kwanza la Baleski

Mwanafunzi ninayemwandika hapa alikuja kwangu na onyesho la baleski (burlesque), sanaa ya jukwaani ya kuvua nguo hatua kwa hatua, ambalo kwa maneno yake lilikuwa limeshakamilika, limebaki kutazamwa tu na jicho la pili. Alikuwa amepata nafasi kwenye shoo ya wanaoanza, ile ambayo mwandaaji huwapa wapya dakika chache kila mmoja na kuwachanganya na wazoefu wawili watatu ili ukumbi usipoe. Tarehe ilishatangazwa. Alikuwa na wimbo wa dakika tano na ushee, mavazi saba ya kuvua, na hatua zilizopangwa kwa kila pigo la ngoma. Anajua kucheza. Miaka ya darasa la dansi inaonekana kwenye mabega yake na namna anavyobeba shingo. Alilicheza onyesho lote bila kukosea hatua, na alipomaliza sikuweza kukumbuka alivua nini kwanza.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake na bila jina lake. Tatizo alilokuja nalo ndilo ninaloliona zaidi kwa watu wanaoingia kwenye baleski wakitokea kwenye dansi, na njia tuliyopita naamini itamfaa mwingine anayejiandaa kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Mavazi saba, hakuna hata moja lililoonekana

Orodha yake ilikuwa hii: skafu ya manyoya, glavu ndefu, gauni, sketi ya ndani, koseti ya kubana kiuno, stokingi na sidiria. Kwa wimbo wa dakika tano, kila vazi lingepata sekunde arobaini na kitu, ambazo si haba. Lakini sehemu kubwa ya muda huo alikuwa anacheza, na vazi lenyewe lilitoka kwa haraka, kama mtu anavyovua koti mlangoni akifika nyumbani. Glavu zote mbili zilitoka ndani ya mzunguko mmoja wa mwili. Gauni lilianguka wakati amegeuka na mguu uko hewani, kwa hiyo macho yetu yalikuwa kwenye mguu.

Katika baleski kuvua ndilo tukio lenyewe. Mkono ukienda kwenye zipu, mtazamaji ameahidiwa kitu. Mkono ukiacha zipu na kurudi kiunoni, ameambiwa asubiri. Ukirudi tena kwenye zipu, sasa anangoja kwa hamu kuliko mwanzo. Onyesho zima linasukwa na hizo ahadi ndogo ndogo za kutoa na kuzuia, na dansi kazi yake ni kuzibeba. Mwanafunzi wangu hakumpa mtu yeyote muda wa kutamani. Alikuwa ametoa kila kitu kabla hakijaombwa.

Gypsy Rose Lee, mchezaji aliyepata umaarufu mkubwa kwenye kumbi za baleski za ndugu wa Minsky mjini New York miaka ya 1930, hakutegemea dansi hata kidogo. Aliongea na watazamaji, akatania, akavua kidogo kidogo, na watu wakatoka ukumbini wakiwa wameridhika na kitu ambacho kwa hesabu ya nguo kilikuwa kidogo sana. Nilimwomba mwanafunzi wangu alifikirie hilo kabla ya kurudi.

Nikampa na kazi nyingine: atazame kanda za wakongwe wakitembea. Kule Las Vegas kuna makumbusho ya sanaa hii, Burlesque Hall of Fame, yaliyoanza kwa jina la Exotic World kwenye shamba la Helendale, California. Kila mwaka huwapandisha jukwaani wachezaji wa zamani, baadhi yao wakiwa na miaka 70 na 80. Magoti hayaruhusu tena mbwembwe, kwa hiyo kinachobaki ni kutembea, kusimama, kutazama na kuvua. Ukumbi unasimama kuwapigia makofi. Yule anayedhani anahitaji hatua nyingi ili asichoshe watu, awatazame hao.

Nani anavua?

Aliporudi nilimuuliza swali moja: huyu mwanamke jukwaani ni nani? Akajibu, "Ni mwanamke mrembo tu, mwalimu, anayejiamini." Jibu hilo nalisikia mara nyingi, na halinisaidii mimi wala yeye. Mrembo anayejiamini hana sababu ya kuvua glavu, na asiye na sababu ya kuvua glavu ataivua ovyo.

Sanaa hii ilianza na mhusika kabla haijafika kwenye kuvua nguo. Mwaka 1868 Lydia Thompson alitoka Uingereza na kundi lake la wanawake akafika New York na michezo ya kuigiza iliyofanyia dhihaka hadithi za kale na mambo ya siku zile, wanawake wakicheza nafasi za wanaume huku miguu yao ikionekana ndani ya soksi za kubana. Kilichowashtua watu kilikuwa miguu pamoja na ulimi: wanawake walikuwa wanasema kitu, na walijua kuwa wanakisema. Kuvua nguo kuliingia baadaye. Ndiyo maana onyesho la baleski lisilo na mtu ndani yake linabaki mwili unaopita, hata mwili ukiwa mzuri kiasi gani.

Mhusika wake hakutoka kwenye mazoezi ya kuwaza. Alikuwa ameinama anafunga viatu, analalamika kuhusu rafiki aliyemsubirisha: "Mimi nikiambiwa saa mbili usiku, saa moja nimeshavaa. Halafu mtu anakuja saa nne anacheka." Nikamwambia, "Dada, huyo ndiye. Mlete huyo jukwaani."

Tukampata mwanamke aliyevaa vizuri kwa ajili ya kutoka usiku, ameketi kwenye kiti, pembeni kuna saa ya mezani, na anayesubiriwa hafiki. Glavu zinatoka kwa kuchoka kungoja. Gauni linatoka kwa sababu ameamua hatoki tena. Koseti inafunguliwa kwa hasira, na katikati ya hasira hiyo anagundua kuwa kupumua ni kutamu. Kutoka hapo anavua kwa raha yake. Mwishoni mlango unagongwa. Anautazama mlango, anawatazama watu, anaifunika saa kwa glavu, na anabaki pale alipo.

Hiyo habari inaelezeka kwa sentensi chache na mtu wa kiti cha nyuma kabisa anaielewa bila kuambiwa. Kwa onyesho la kwanza sihitaji zaidi. Faida yake kubwa ni ya kivitendo: kila vazi sasa lina sababu ya kutoka na hali ya moyo ya kutokea nayo, kwa hiyo glavu haiwezi kuvuliwa kwa mwendo mmoja na koseti.

Hesabu ya muziki

Wimbo wa dakika tano tuliuacha. Shoo nyingi za wanaoanza hutaka onyesho la dakika tatu hadi nne, na hata asingebanwa na mwandaaji ningemshauri hivyo hivyo. Tulichagua muziki usio na maneno, wa mapigo 96 kwa dakika, tukaukata ukabaki dakika 3 na sekunde 20. Hiyo ni mapigo 320, yaani nane 40 (nane ni fungu la mapigo manane), na kila nane ni sekunde 5 kamili. Namba hizo zilitupa urahisi mkubwa, kwa sababu sasa tungeweza kugawa onyesho kama bajeti.

Tuligawa hivi: kuingia, kukaa na kuitambulisha saa, nane 5. Glavu, nane 8. Gauni, nane 9. Koseti, nane 8. Sidiria, nane 6. Mlango na mkao wa mwisho, nane 4. Skafu ya manyoya na sketi ya ndani ziliondolewa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyezililia.

Stokingi ndizo zilizotuchukua mabishano. Yeye alizipenda, na ni kweli kuivuta stokingi taratibu kutoka pajani ni miongoni mwa picha nzuri za sanaa hii. Lakini stokingi haitoki kabla ya kiatu, na kiatu chake kilikuwa na mkanda wa kifundoni wenye bizimu ndogo. Kufungua bizimu mbili ndogo jukwaani, mikono ikitetemeka, ukiwa umeketi na watu wanakutazama, kunakula nane ambazo hatukuwa nazo. Kumvalisha kiatu kisicho na mkanda kungempa wasiwasi mwingine, maana alikuwa amezoea kushikwa kifundoni. Tukaamua stokingi zibaki mwilini mpaka mwisho. Zinapendezesha mguu, na mkanda unaozishikilia unaupa mkao wa mwisho mistari mizuri. Nilimwambia azitunze kwa onyesho la pili.

Kwa anayetaka kuvua stokingi na chupi pia, kanuni ya kuvaa ni hii: mkanda wa stokingi unavaliwa kwanza, chupi juu yake. Ukifanya kinyume, chupi haitoki mpaka ufungue vishikizo vyote vinne.

Kwa wiki ya kwanza alifanya mazoezi bila muziki, akihesabu nane kwa sauti. Inachosha, na wengi huiruka hatua hii. Lakini muziki humdanganya anayeanza: ukipanda, naye anapanda. Akiwa na hesabu kichwani, anajua kwamba ana nane tatu bado za glavu ya kushoto, na hakuna haja ya kukimbia.

Glavu

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa kuwa onyesho hili lilipona kwenye glavu.

Glavu hutangulia kutoka kwa sababu ya mapokeo, na chini ya mapokeo hayo kuna jambo la kawaida sana: ukiwa na glavu ya satini mkononi huwezi kushika kulabu wala kichwa cha zipu. Mkono lazima uachiliwe kabla ya kazi nyingine kuanza.

Za kwake zilikuwa ndefu, za kupita kiwiko, na zilimbana. Tulizibadilisha tukachukua saizi moja zaidi. Pete zote zikatolewa, na ndani ya glavu tukapaka poda kidogo, maana kiganja cha mtu mwenye wasiwasi hulowa na satini iliyolowa hung'ang'ania ngozi. Halafu tukaanza. Kidole cha mwisho kinavutwa kidogo, cha pete, cha kati, cha shahada, gumba. Kila kimoja pigo moja, na kila kimoja kinalegezwa tu, hakitoki. Anasimama. Anaitazama saa. Anarudi juu, kwenye ukingo uliopita kiwiko, anaukunja mara moja kuelekea chini ili ngozi ya mkono ionekane kwa upana wa vidole viwili. Anasimama tena. Sasa anauma ncha ya kidole cha kati na kuuvuta mkono nje taratibu, glavu inabaki mdomoni ikining'inia, na yeye anawatazama watu juu yake bila kucheka.

Mara ya kwanza alipoifanya hiyo kwa kasi sahihi, wenzake waliokuwa wanasubiri zamu wakaacha kuzungumza. Sikuhitaji kumweleza chochote tena kuhusu dansi yake ya mwanzo.

Glavu ya pili inatoka kwa nane mbili tu. Anayesubiriwa amechelewa zaidi, subira imekwisha. Watazamaji walishajifunza kwenye glavu ya kwanza, na wakiona ya pili inatoka kwa kasi wanaelewa kuwa mambo yamebadilika.

Kazi ya fundi cherehani

Nguo za dukani hazikushonwa kwa ajili ya kuvuliwa mbele ya watu. Gauni la kawaida lina zipu inayoishia kiunoni, kwa hiyo njia ya kutoka ni kichwani au kupitia nyonga, na zote mbili humharibia mchezaji sura kwa sekunde kadhaa. Fundi alitoa zipu ile akaweka ya aina ya koti, inayoachana kabisa chini, na kuifikisha mpaka pindoni. Kichwa cha zipu kikafungwa utepe mwembamba wa rangi ya gauni, mrefu kama kiganja, ili mkono uupate bila kutafuta. Sidiria ilikuwa na kulabu tatu nyuma. Ikabaki kulabu moja kubwa ya bapa. Velkro niliikataa moja kwa moja. Sauti yake ya kuchanika huua pozi lolote, na hung'ata stokingi.

Koseti ndiyo iliyokuwa na somo la kiufundi lenyewe. Ilikuwa ya chini ya matiti, yenye kamba nyuma na vishikizo vya chuma mbele. Wanaoanza hukaza kamba mpaka mwisho ili kiuno kionekane, halafu jukwaani wanakuta vishikizo vya mbele haviachii. Haviwezi kuachia, kwa sababu mkazo wote wa kamba unavivuta kwa nje. Lazima kamba ilegee kwanza. Wengine huivaa ikiwa imelegea tangu mwanzo, na inafaa. Sisi tulifanya kulegeza kamba kuwe sehemu ya habari: fundo la upinde mgongoni lenye mikia mirefu, anavuta mkia mmoja kwa hasira, anaingiza vidole na kulegeza kamba za kiunoni, anapumua mpaka mbavu zinaonekana kupanuka, ndipo anabana pande mbili za mbele kuelekeana na kuachia vishikizo kimoja kimoja. Lile pumzi lilitoka mwilini mwake kweli kila mara, maana koseti ilikuwa imembana kweli. Hakulazimika kuigiza.

Kila kifungo kilipewa njia ya pili. Zipu ikigoma, mabega ya gauni yana kulabu na gauni litashuka kwa mbele. Kishikizo cha koseti kikigoma, anageuka na kulegeza kamba zaidi. Kulabu ya sidiria ikigoma, mikanda ya mabega inashuka na sidiria inazungushwa mbele. Njia hizo za pili alizifanyia mazoezi kwa muziki, siyo kwa maneno tu.

Mwisho upi?

Suala la avue mpaka wapi nililiacha kwake kabisa, na nilimtaka asiliamue mapema. Kuna wanaobaki na sidiria kwenye onyesho la kwanza na wakapigiwa makofi ya haki. Tuliandaa miisho miwili inayolingana kwa hesabu. Wa kwanza, sidiria inafunguliwa, inashikiliwa kifuani kwa mkono, na mlango unagongwa. Wa pili, sidiria inatoka na vifuniko vya chuchu vinaonekana. Aliamua kwenye mazoezi ya mwisho ya mavazi, akachagua wa pili, na alijua kwamba hata akiwa jukwaani anaweza kubadili bila kuharibu kitu.

Vifuniko alivitengeneza mwenyewe kwa kitambaa kigumu na vijiwe vya kung'aa, bila vishada. Kuvizungusha vishada ni ufundi wa pekee unaohitaji muda wake. Kushikiza kulifanyiwa majaribio mapema: utepe wa gundi wa pande mbili ulibandikwa sehemu ndogo ya ngozi siku moja kabla ya kuutegemea, ili kuona kama ngozi itawasha. Siku ya onyesho hakuna losheni wala mafuta kifuani, ngozi inafutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke, kisha vifuniko vinabandikwa na kukandamizwa kwa kiganja mpaka vipate joto la mwili. Akatoka jasho la makusudi, akaruka, akainama. Vilikaa.

Kuna na upande wa masharti. Mwaka 1937 jiji la New York, chini ya meya Fiorello La Guardia, lilikataa kuhuisha leseni za kumbi za baleski, na sanaa nzima ikafukuzwa kwenye jiji lililoikuza. Historia hiyo ndiyo inayonifanya niwasisitize wanafunzi waulize kwa maandishi: ukumbi unaruhusu kuvua mpaka wapi, picha zinapigwa na nani, simu za watazamaji zinaruhusiwa au la, na picha zitatumika wapi. Mwanafunzi wangu ana ajira ambayo hakutaka ichanganyike na jukwaa. Alipata majibu yote kabla ya kukubali nafasi, na jina la jukwaani akalichagua kwa uangalifu, akitafuta kwanza kama kuna mchezaji mwingine anayelitumia. Jina linaweza kubeba heshima ya mtu pia: Toni Elling, mchezaji Mweusi wa Detroit aliyefanya kazi zama ambazo wachezaji Weusi walifungiwa milango mingi, alilichukua lake kutoka kwa mwanamuziki wa jazi Duke Ellington.

Macho

Tuliondoa kioo. Mchezaji aliyezoea kioo hujitazama, na ukumbini hakuna kioo, kwa hiyo macho yanaanguka sakafuni. Tuliweka simu kwenye kiti, kwa kimo cha mtu aliyeketi, tukamrekodi kila mazoezi. Nilimpa sehemu tatu za kutazama, kushoto, katikati na kulia, na sheria moja: kabla ya kila kitu kutoka, tazama mtu. Alipata shida zaidi hapa kuliko kwenye koseti. Kumtazama mtu usoni ukiwa unafungua nguo kunamfichua mtu kuliko ngozi yenyewe, na hakuna zoezi la kuzunguka hilo. Alianza kwa kumtazama mwenzake mmoja wakati anavua glavu tu, bila muziki, wote wawili wakikubaliana, mpaka aibu ikapungua ikawa mchezo.

Taa aliombea rangi ya kaharabu na waridi. Gauni lake lilikuwa jekundu, na taa ya bluu hulifanya jekundu lionekane jeusi, wakati taa nyekundu tupu hulififisha likapoteza uhai. Muziki aliupeleka mapema na nakala akawa nayo kwenye flashi. Mshereheshaji alipewa sentensi mbili za kumtambulisha. Aliyepangwa kuokota mavazi alipewa idadi: glavu mbili, gauni, koseti, sidiria, saa na kiti. Begi lilikuwa na sindano, uzi, pini, utepe wa akiba, stokingi za akiba na joho la kujifunikia kabla na baada.

Usiku wenyewe

Aliingia kwa kasi sahihi. Glavu ya kwanza iliwashika watu mapema kuliko nilivyotarajia; wakati amesimama na vidole vitano vimelegezwa, mtu wa mbele alipiga ukelele, na yeye akamgeukia taratibu kana kwamba ndiye aliyechelewa. Hilo hatukulipanga.

Zipu ya gauni ilikwama katikati ya mgongo. Baadaye tuligundua kuwa bitana ya ndani ilikuwa imeingia kwenye meno yake. Nikiwa pembeni niliona bega lake likipanda, dalili ya kwanza ya mtu kuogopa. Akavuta mara moja, ikagoma. Hapo angeweza kwenda kwenye njia ya pili ya mabega. Badala yake aliacha utepe, akaigeukia saa, akaitazama, akautazama mgongo wake, akawatazama watu. Ukumbi ulicheka kicheko kikubwa. Mwanamke aliyesubirishwa usiku kucha, na sasa hata gauni linamsubirisha. Aliupandisha utepe juu kidogo, akaushusha, bitana ikaachia, na gauni likaenda chini kwenye nane yake ya nane. Alikuwa bado ndani ya bajeti.

Nakitaja kicheko hicho kwa sababu kinaonyesha kazi ya mhusika kuliko maelezo yoyote. Mrembo anayejiamini, zipu ikimkwama, ana ajali. Mwanamke anayesubirishwa, zipu ikimkwama, ana sura nyingine ya habari ile ile. Hakuhitaji kubuni kitu. Alihitaji tu kubaki kuwa yule yule.

Koseti ilikwenda vizuri na pumzi ilisikika. Sidiria ilitoka kwa kulabu moja.

Kasoro zilikuwepo. Alipofika kwenye sidiria, mwili ulishaanza kukimbia: kazi ya nane 6 ilikwisha kwa takriban nane 4, na akalazimika kusimama akingoja mlango ugongwe, mikono haina la kufanya. Ndiyo hali ya kawaida kabisa ya onyesho la kwanza, kwani damu inachemka na muziki unasikika kana kwamba umepunguza mwendo. Kosa la pili ni la mwisho: alipoifunika saa alishusha macho kwenye saa na hakuyainua mpaka taa zilipozimwa, kwa hiyo makofi yalimkuta anatazama meza. Na hakubaki kwenye mwanga kupokea makofi hayo. Alitoka kama mtu anayeomba radhi. Kupokea makofi ni sehemu ya onyesho na inafanyiwa mazoezi kama sehemu nyingine zote. Hatukuifanyia mazoezi ya kutosha.

Tulikutana tena kupanga onyesho hilo hilo kwa shoo nyingine. Fundi ameishona bitana chini kwa mshono wa mkono pande zote mbili za zipu. Nane mbili zilizobaki tupu kwenye sidiria zimepewa kazi: mkanda wa bega la kushoto unashuka, anaurudisha, ndipo unashuka tena. Saa sasa inafunikwa bila kutazamwa, kwa mkono wa nyuma, macho yakiwa kwa watu. Kule kutazamana na saa wakati zipu imekwama tumekuingiza rasmi kwenye onyesho, zipu ikikwama isikwame. Na ameanza kuniuliza tena kuhusu zile stokingi, safari hii akiwa ameleta viatu vya kuchomoa tu.